Seli moja ya Gatwekera: historia fupi ya gridi ya data

Leo tunaacha kidogo ubishi wa lugha ipi ya programu ni bora, tuzungumzie kitu ambacho kila mtu aliyefanya kazi ya ofisi amekiona: ile gridi ya mistari na safu inayoonyesha rekodi za hifadhidata kwenye skrini. Unabofya seli, unaandika, unashuka mstari unaofuata, kazi imekwisha. Wengi wetu tuliosomea kompyuta tuliunda gridi kabla hatujaelewa vizuri hifadhidata yenyewe ni nini. Unaburuta kidude kwenye fomu, unakielekeza kwenye jedwali, ghafla data yote iko mbele yako na inaharirika. Raha tupu.

Lakini gridi ina historia, na historia hiyo ina swali moja ambalo halijawahi kuondoka: unapobadilisha seli, kile kilichokuwamo kimeenda wapi? Kwa duka la vifaa vya ujenzi huenda swali hilo lisiwe na uzito. Kwa kijiji cha Gatwekera kule Kibera lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu jibu lake liliamua kama tunajua au hatujui ni watoto wangapi wanaugua homa ya matumbo, yaani taifodi. Twende polepole.

Kabla ya gridi

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala iliyoleta wazo la hifadhidata ya mahusiano, yaani data yote iwekwe kwenye majedwali. Kwake jedwali lilikuwa wazo la hisabati, na halikuwa kitu cha kubofya. Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Moshé Zloof, naye wa IBM, akaja na mtindo wa kuuliza hifadhidata kwa kujaza mifano ndani ya jedwali tupu lililochorwa kwenye skrini. Hapo jedwali likaanza kuwa kitu unachokigusa.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kupata umaarufu kwenye kompyuta ndogo. VisiCalc ilifundisha mikono ya watu tabia ambayo bado tunayo: kishale kinatembea juu, chini, kushoto na kulia, na kila seli ni yako, uifanye utakavyo. Lahajedwali haikuulizi kitu. Ukiandika 7 juu ya 5, basi 5 imekufa na haina kaburi.

Tabia hiyo ndiyo iliyohamia kwenye hifadhidata.

BROWSE

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wayne Ratliff, mhandisi wa maabara ya JPL huko California, aliandika programu ya hifadhidata aliyoiita Vulcan. Inasimuliwa kwamba alitaka imsaidie kubashiri matokeo ya mpira wa Marekani. George Tate na Hal Lashlee wakaichukua kuiuza kwa jina jipya la dBASE II. (Usiitafute dBASE I, haikuwahi kuuzwa. Jina lilikuwa la biashara tu, ili ionekane imeshakomaa.) Mwaka 1984 ikafuata dBASE III, na kwa miaka kadhaa dBASE na ndugu zake, Clipper na FoxPro, ndizo zilizokuwa hifadhidata za ofisi ndogo karibu dunia nzima.

Ndani ya dBASE kulikuwa na amri moja fupi:

    USE WAGONJWA
    BROWSE

Ukibonyeza Enter, skrini nzima inageuka jedwali. Mistari ni rekodi, safu ni sehemu za rekodi. Unatembea kwa kishale na kuhariri hapo hapo, na ukiondoka kwenye rekodi mabadiliko yako yanaingia kwenye faili. Hiyo ndiyo gridi ya data kama tunavyoijua, ila haikuwa na rangi wala kipanya.

Kuna jambo moja la dBASE ambalo watu wa siku hizi hawalijui. Ukifuta rekodi, haikufutwa kweli. Iliwekewa alama ya nyota mwanzoni mwa mstari, na iliendelea kukaa ndani ya faili hadi utoe amri ya PACK. Ungeweza kuirudisha. Kwa hiyo kufuta kulikuwa na kumbukumbu, lakini kuhariri hakukuwa nayo. Kosa la kufuta lilisameheka. Kosa la kuandika juu ya kitu kingine halikusameheka. Shika jambo hilo mkononi, tutalihitaji baadaye.

Gridi inafika kwetu

Hifadhidata hizi ziliingia Afrika Mashariki kwa njia nyingi, na mojawapo ni afya. Mwaka 1985 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa Epi Info, programu ya bure ya kuunda fomu za uchunguzi wa magonjwa, kuingiza data na kuichambua. Andrew Dean wa CDC ndiye aliyeongoza kazi hiyo, na sehemu ya msimbo wa mwanzo iliandikwa na mwanawe, Jeff, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ndiyo, ni yule Jeff Dean aliyekuja kuwa mmoja wa wahandisi wakubwa wa Google. Epi Info ilikuwa huru kunakiliwa, ikasafiri kwa disketi kutoka mkono hadi mkono. Toleo la 6 la mwaka 1994 lilifanya kazi kwenye DOS, na hilo liliifaa kompyuta yoyote kuukuu.

Upande wa pili kulikuwa na tatizo gumu zaidi: kufuatilia jamii nzima kwa miaka mingi, nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Huko Navrongo, kaskazini mwa Ghana, mradi wa aina hiyo ulianza mwaka 1993, na kutokana nao ikaundwa programu iliyoitwa HRS, iliyojengwa juu ya FoxPro. Programu hiyo ilienea hadi vituo vingine vya Afrika, vikiwemo Ifakara na Rufiji nchini Tanzania.

Ingawa FoxPro ilikuwa na BROWSE yake nzuri kabisa, HRS haikukuachia tu jedwali la watu uhariri upendavyo. Iliandika matukio. Mtu akihama, hukufuta nyumba ya zamani na kuandika mpya; uliandika tukio la kuhama na tarehe yake. Programu nayo ilikagua mantiki: huwezi kuhama kutoka mahali ambapo hukuwahi kuhamia au kuzaliwa, na huwezi kufariki kabla ya kuzaliwa. Kwa mtu aliyezoea BROWSE hiyo ilikuwa kero. Kwa mtu aliyetaka kuhesabu vifo vya watoto, ilikuwa uhai wa kazi yake.

Hapa Kenya, mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Uliandikwa kwa Microsoft Access. Kutokana na kazi ya kundi hilo ilikuja mifumo ya AMPATH na baadaye OpenMRS, ambayo imetumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo ukimsikia mtu akiicheka Access, mkumbushe Mosoriot.

Miaka ya Windows

Access 1.0 ilitoka Novemba 1992, na ndiyo iliyoifanya gridi kuwa kitu cha kila mtu. Fungua jedwali, gridi iko. Ukianza kuhariri, picha ndogo ya penseli inatokea pembeni mwa mstari. Mstari wa mwisho una nyota, maana yake andika rekodi mpya hapa. Ukitoka kwenye mstari, rekodi inajihifadhi yenyewe. Hakuna anayekuuliza kama una uhakika. Ni tabia ya BROWSE ile ile, iliyovishwa suti.

Mwaka 1993 Visual Basic 3 ikaleta vidude vilivyofungwa moja kwa moja kwenye hifadhidata. Mwaka 1995 Delphi ya Borland ikaja na TDBGrid, na mwaka huo huo Visual Basic 4 ikawa na DBGrid iliyotengenezwa na kampuni ya Apex. Hapo ndipo vijana wengi walipoanza kuandika programu za maduka, shule na zahanati kwa siku mbili: jedwali tatu, gridi tatu, kitufe cha kuchapisha ripoti.

Kisha kukaja tatizo la watu wawili. Kompyuta zilipoungwa kwa mtandao wa ofisi, karani A na karani B wangeweza kufungua mstari ule ule. A anasahihisha jina, B anasahihisha umri, na wa mwisho kuhifadhi anafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Njia ya kwanza ilikuwa kufunga: A akigusa rekodi, B anangoja hadi A amalize (na kama A amekwenda kunywa chai, pole sana B). Njia ya pili ilielezwa na H. T. Kung na John Robinson mwaka 1981: acha wote wahariri kwa kuaminiana, lakini wakati wa kuhifadhi kagua kama rekodi bado iko vile ulivyoiona mara ya kwanza. Ikiwa imebadilika, kataa.

Mfumo wa .NET wa mwaka 2002 uliichukua njia hiyo ya pili. DataSet yake ilivuta data, ikakata muunganisho na seva, ikakuacha uhariri kwenye gridi ukiwa umejitenga. Ndani yake kila mstari uliobadilishwa ulibeba nakala mbili: thamani ya asili na thamani ya sasa. Wakati wa kuhifadhi zile za asili zilitumika kukagua. Mwaka 2005 ikaja DataGridView, ambayo hadi leo bado inafanya kazi katika programu nyingi za mezani.

Angalia vizuri hapo. Hapo gridi ya kawaida ilikuwa inakumbuka jana. Lakini ilikumbuka kwa muda mfupi tu, hadi uhifadhi. Baada ya hapo nakala ya asili ilitupwa.

Gatwekera

Sasa twende Kibera. Gatwekera ni kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera, jirani na Kianda, Soweto na Kisumu Ndogo. Nyumba za udongo na mabati zimeshikana, vyumba vingi ni vya kupanga, na wapangaji wanahama. Kodi ikipanda unahama. Kazi ikipatikana upande mwingine wa jiji unahama. Mtoto anapelekwa ushago kwa nyanya, anarudi baada ya muhula mmoja. Chumba kilichokuwa cha Mama fulani Jumatatu kina watu wengine mwisho wa mwezi.

Katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na CDC, zilianzisha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza katika Gatwekera na sehemu ya Soweto. Eneo lenyewe halifiki nusu kilomita ya mraba, na lilikuwa na watu takriban 28,000. Wahudumu walizunguka nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili wakiuliza nani ameugua homa, kikohozi au kuhara, na majibu yaliingizwa kwenye vikompyuta vya mkononi. Waliougua walitibiwa bure katika Kliniki ya Tabitha.

Kliniki hiyo ina jina la muuguzi Tabitha Atieno Festo, mkazi wa Kibera. Mwaka 2000 alipewa dola 26 na Rye Barcott, kijana Mmarekani aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifanya biashara ya mboga kwa mtaji huo, kisha akafungua kliniki nyumbani kwake. Alifariki mwaka 2004, kabla hajaona jinsi jina lake lingekuja kuhusishwa na baadhi ya takwimu muhimu zaidi za afya ya mitaa ya mabanda barani Afrika.

Haya, wewe ni mwandishi wa programu. Umepewa kazi ya kutengeneza skrini ya kuhariri orodha ya wakazi. Jambo la kwanza linalokujia ni gridi:

    MTU     NYUMBA
    0412    17-B
    0413    17-B
    0414    18-A

Mtu 0412 amehama kwenda nyumba 32-A. Karani anabofya seli, anafuta 17-B, anaandika 32-A, anashuka. Penseli inatoweka. Safi kabisa.

Kumbe umeharibu utafiti.

Hesabu ndogo

Kwa nini? Kwa sababu swali la kitafiti ni "wangapi wameugua kati ya wangapi, kwa muda gani?" Hesabu ya wagonjwa peke yake haitoshi. Chini ya mstari wa sehemu kunakaa kitu kinachoitwa miaka-mtu: mtu mmoja aliyefuatiliwa mwaka mzima ni mwaka-mtu mmoja, aliyefuatiliwa nusu mwaka ni nusu. Mahali ambapo watu wanahama sana, muda huo ndio kila kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Una watu 100 mwezi Januari. Mwisho wa Juni, 40 wanahama na 40 wapya wanaingia. Mwaka huo wagonjwa ni 3.

* Hesabu sahihi: 60 waliokaa mwaka mzima, wengine 40 nusu mwaka, na 40 wapya nusu mwaka. Jumla ni 60 + 20 + 20 = miaka-mtu 100. Kiwango ni wagonjwa 30 kwa kila 1,000.
* Karani ameongeza wapya bila tarehe na hakuwaondoa waliohama: gridi ina mistari 140, na kila mmoja unahesabiwa mwaka mzima. Kiwango kinashuka hadi takriban 21 kwa kila 1,000.
* Karani amefuta mistari ya waliohama, na wapya wana tarehe sahihi: 60 + 20 = miaka-mtu 80. Kiwango kinapanda hadi 37.5 kwa kila 1,000. Na kama mmoja wa wagonjwa wale watatu alikuwa miongoni mwa waliohama, sasa ugonjwa wake hauna mwenyewe.

Wagonjwa ni wale wale, na kijiji ni kile kile. Kilichobadilika ni jinsi gridi ilivyohaririwa. Tofauti kati ya 21 na 37.5 inaweza kuamua kama wizara itaona kuna tatizo au hakuna.

Dawa yake inajulikana tangu siku za HRS. Huhariri nyumba ya mtu. Unafunga kipindi kimoja na kufungua kingine:

    MTU     NYUMBA   ALIINGIA      ALITOKA
    0412    17-B     2007-03-01    2007-09-30
    0412    32-A     2007-10-01    -

Karani bado anaona gridi. Bado anabofya seli. Lakini nyuma ya pazia, kubadilisha NYUMBA hakufanyi UPDATE ya mstari mmoja. Kunaandika tarehe ya kutoka kwenye mstari wa zamani na kuongeza mstari mpya. Ile nyota ya dBASE iliyokataa kufuta kabisa imerudi, sasa kwa kuhariri pia.

Na kuna kasoro nyingine ndogo ambayo gridi ya wazi inaikaribisha. Kijiji chetu kinaandikwa "Gatwekera" na wengine, "Gatwikira" na wengine. Yote mawili utayakuta kwenye nyaraka. Ukiacha safu ya kijiji iwe ya kuandika tu, baada ya mwezi una vijiji viwili, na kila kimoja kina nusu ya wagonjwa. Hapo ndipo kisanduku cha kuchagua kutoka orodha kinapostahili nafasi yake ndani ya seli.

Takwimu zilisema nini

Mwaka 2012 Robert Breiman na wenzake walichapisha matokeo ya taifodi kutoka Kibera wakiyalinganisha na Lwak, eneo la mashambani magharibi mwa Kenya. Katika data za kati ya 2007 na 2009, Kibera ilikuwa na wagonjwa 247 kwa kila miaka-mtu 100,000. Lwak ilikuwa na 29. Walipofanya marekebisho kwa ajili ya wagonjwa ambao hawakufika kliniki au hawakupimwa damu, watoto wa miaka 2 hadi 4 wa Kibera walifikia 2,243 kwa kila 100,000, zaidi ya mara 15 ya wenzao wa Lwak. Karibu robo tatu ya vimelea vilivyopatikana vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa.

Kabla ya hapo wengi waliamini taifodi si tatizo kubwa Afrika likilinganishwa na Asia. Takwimu hizi za Kibera zilisaidia kubadilisha mawazo hayo, na wenyewe waandishi waliziunganisha moja kwa moja na suala la chanjo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo mpya ya taifodi kwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mwezi Julai 2025 Kenya ikaendesha kampeni ya kitaifa ya kuwachanja watoto dhidi ya taifodi, pamoja na surua na rubela. Sisemi kwamba gridi ilileta chanjo. Nasema kwamba 247 ni sehemu yenye juu na chini, na ile ya chini ilitegemea kujua nani alikuwa Gatwekera, tangu lini, hadi lini, katika kipindi ambacho kilikuwa na vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, zilizoiumiza sana Kibera.

Kwa wanaodhani kuhesabu watu Kibera ni kazi rahisi, kumbuka sensa ya 2009. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakapandisha zaidi. Sensa ikatoa 170,070. Ubishi ukawa mkali, na wapo waliosema sensa imewaacha wengi nje. Upande wowote utakaouchukua, pengo kati ya namba hizo mbili linaonyesha jinsi tulivyokuwa tukizungumza bila kuwa na rekodi.

Ramani nayo ni gridi

Mwaka huo huo wa 2009 kulitokea jambo jingine. Kwenye ramani za mtandaoni Kibera ilikuwa doa tupu. Mikel Maron na Erica Hagen walikuja Nairobi, na pamoja na vijana kutoka vijiji vya Kibera wakaanzisha Map Kibera. Vijana walitembea na vifaa vya GPS, wakarekodi vyoo, vioski vya maji, zahanati, shule na makanisa, kisha wakakaa kwenye kompyuta na kuingiza kila kitu katika OpenStreetMap.

Programu iliyotumika kuhariri ni JOSM, programu ya mezani iliyoandikwa kwa Java. Ukiifungua unaona ramani, lakini tazama pembeni. Ukichagua kitu chochote, kinatokea kijedwali cha safu mbili: upande mmoja jina la sifa, upande wa pili thamani yake. Choo, kioski, zahanati, vyote ni mistari ya gridi.

Hapa ndipo historia yetu inapokutana. Mwezi Aprili 2009, miezi michache kabla ya Map Kibera, OpenStreetMap ilihamia toleo la 0.6 la kiolesura chake. Tangu hapo kila kitu kina namba ya toleo, na kila mabadiliko lazima yataje toleo yaliyoanzia. Ukituma mabadiliko juu ya toleo la 3 wakati mwenzako ameshafikisha la 4, seva inakataa na kukuambia kuna mgongano. Hilo ni wazo la Kung na Robinson la 1981. Tena toleo la 3 halitupwi baada ya la 4 kuhifadhiwa. Linabaki. Kioski cha maji kilichokuwepo na kikabomolewa bado kina historia yake, na yeyote anaweza kuisoma.

Tunajifunza nini

Kwa wewe unayeandika programu ya chama, ya zahanati au ya shule hapo mtaani, haya ndiyo ningekuomba uyafikirie kabla hujaburuta gridi kwenye fomu:

* Jiulize kila safu: hii inasahihishwa, au inabadilika? Jina lililokosewa linasahihishwa. Andika juu yake tu. Makazi, bei, mshahara na hali ya mgonjwa vinabadilika. Hivyo vinataka mstari mpya wenye tarehe.
* Usifute rekodi ya mtu kwa sababu ameondoka. Ameondoka ni habari, nayo ina tarehe.
* Weka namba ya toleo kwenye kila mstari, hata kama leo karani ni mmoja. Kesho watakuwa wawili.
* Majina ya mahali yatoke kwenye orodha. Gatwekera iwe moja.

Gridi si adui. Imedumu zaidi ya miaka 40 kwa sababu inamruhusu mtu asiyejua SQL kuona data yake na kuirekebisha, na hilo ni jambo kubwa. Tatizo lake ni kwamba inafanana mno na karatasi ya hesabu, ikatufanya tuamini kwamba kilicho kwenye skrini sasa ndicho pekee kilichowahi kuwepo. Mpangaji wa Gatwekera aliyehama Septemba alikuwepo Machi. Programu yako iweze kusema hivyo.

Makala ijayo nitaonyesha msimbo wa gridi inayofunga kipindi na kufungua kingine bila karani kuhisi tofauti yoyote. Kama wewe umewahi kutumia BROWSE ya kweli kwenye skrini nyeusi, tuambie ilikuwaje.